Kwa mwalimu wa Goma: wageni wanaokaa nyuma peke yao

Mwalimu, nimekuelewa: watoto waliokimbia vita Masisi na Rutshuru wanajitenga nyuma darasani, na wenzao wanawaita "wakimbizi". Darasani kwangu hotuba za upendo hazikusaidia kitu. Kilichosaidia ni salongo, yaani kazi ya pamoja ya usafi, ya Jumamosi: vikundi vya watoto watano, wageni na wenyeji pamoja, kila kikundi na bidoni moja ya maji na kona yake ya uwanja. Mawe ya volkano hapa kwetu hayaishi, kazi ipo!

Nafasi za kukaa nilibadilisha kila juma. Usiulize kabila. Wala usimwombe mtoto asimulie vita mbele ya darasa. Mimi nilikosea hivyo, msichana akaacha kuja shule siku tatu.

Anayeshtuka kwa kila kishindo au asiyesema kabisa, ongea na mzazi wake, kisha muulizie mwanasaikolojia kwenye kituo cha afya.