Maswali yenu: kebo, Wi-Fi na doki za kazini

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa watu wa biro za katikati ya Lubumbashi na za kampuni za migodi, wale waliopewa laptopu na doki mezani: unachomeka waya mmoja, unapata skrini, kibodi, chaji na mtandao. Naanza na swali lililonifikia kutoka pande nyingi.

"Jambo fundi. Nikichomeka doki, kebo inashika lakini Wi-Fi nayo inabaki imewaka. Asubuhi naizima kwa mkono, jioni nasahau kuiwasha, nikifika nyumbani nadhani mtandao umekufa. Nifanye nini?" Mama mhasibu, Kampemba.

Mama, acha kuizima kwa mkono. Windows ina hesabu yake: kila njia ya mtandao hupewa namba, na yenye namba ndogo ndiyo hupitisha data. Katika Windows 10 na 11, kebo ya kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde hupewa 25. Wi-Fi nzuri, ile inayoshika megabiti 500 na zaidi lakini chini ya gigabiti 2, hupewa 30. Basi kebo inashinda bila wewe kugusa kitu. Alama ya Wi-Fi kuwaka haimaanishi kwamba data inapita huko.

Kama biro yenu inataka Wi-Fi ijizime kabisa kebo ikishika, ziko njia mbili. Ya kwanza imo ndani ya BIOS, ile mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijaanza. Kwenye HP nyingi inaitwa LAN/WLAN Auto Switching, na Dell na Lenovo wana zao. Ubaya wake ni kwamba baadhi ya mashine hutambua tu tundu lao la ndani au doki ya chapa ileile, na adapta ya USB ya sokoni haihesabiwi. Ya pili ni sera ya Windows ya kupunguza miunganisho ya wakati mmoja. Tangu toleo la 1709 la Windows 10, la mwaka 2017, sera hiyo ina namba 3: kebo ikiwepo Wi-Fi inakatazwa, kebo ikitoka Wi-Fi inarudi yenyewe. Dirisha la kuibadilisha halimo kwenye Windows ya toleo la Home, kwa hiyo msijisumbue kulitafuta huko. Na hii si kazi ya mhasibu. Ni kazi ya anayesimamia mashine, na inafanyika mara moja kwa kompyuta zote. Biro inayogawa doki kwa wafanyakazi wake na kumwacha kila mmoja aamue lini azime na lini awashe bado haijaanza kusimamia mtandao wake.

"Kebo imechomekwa, taa inawaka, lakini nikipima naona data inapita kwenye Wi-Fi. Windows imeharibika?" Msomaji wa Golf.

Windows ni nzima. Mara nyingi kebo ndiyo mbovu, na hapa naomba wote msome vizuri. Gigabiti 1 inahitaji jozi nne za nyaya, zote nane. Megabiti 100 inatosheka na jozi mbili. Jozi ya buluu au ya kahawia ikiwa haigusi, kifaa kwa kawaida hushuka hadi 100 kimyakimya, taa ikiendelea kuwaka. Na kebo ya 100 Windows huipa namba 35. Ile Wi-Fi yenye 30 sasa imekuwa ndogo kuliko kebo, kwa hiyo imeshinda, tena kwa haki.

Chomoa kichwa cha kebo, kielekeze dirishani, utazame kupitia plastiki. Nyaya nane zinatakiwa kufika hadi mbele kabisa, chini ya meno ya shaba. Mara nyingi utakuta za rangi ya machungwa na za kijani zimefika, na za buluu na za kahawia zimekatwa nyuma kidogo. Aliyekaza kichwa hicho alilipwa kazi nzima akafanya nusu. Msimlipe fundi wa kebo kabla ya kumwona akiipima mbele yenu, waya kwa waya.

"Doki yangu haizidi 100 Mbps. Ninunue nyingine?"

Hapana, si kabla ya kukagua kebo. Soma jibu la juu. Swali hili nimelijibu tena na tena, na watu bado wananunua doki ya pili kwa ajili ya kichwa cha kebo kilichokazwa vibaya.

"Umeme ukikatika, laptopu inabaki hai lakini VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wa kampuni) inaanguka, na faili ya Excel niliyoifungua kwenye seva inakwama. Wi-Fi ipo! Kwa nini haihamii huko?" Papa wa logistiki, njia ya Kipushi.

Inahamia, Papa, ila kazi yako haihami nayo. Laptopu ina betri, doki haina. Umeme ukienda, tundu la mtandao lililomo ndani ya doki linatoweka kama vile umelichomoa. Wi-Fi inashika baada ya sekunde chache kwa anwani nyingine, na kila muunganisho uliokuwa wazi ulikuwa umeshikamana na anwani ile ya kwanza. Ndiyo maana faili inakwama.

Mwulize msimamizi wenu VPN yenu ni ya aina gani. IKEv2, ambayo Windows inayo tayari, inaweza kuhimili mabadiliko ya anwani ikiwa seva imepangwa hivyo, na WireGuard pia. Nyingi za zamani haziwezi. Faili kubwa nakili kwenye diski yako, fanya kazi, kisha urudishe. Halafu ondulere, vile vifaa vya betri vinavyoshikilia umeme ukikatika: zianze kwa ruta, swichi ya mtandao na kifaa cha Wi-Fi, kwa sababu vitu hivi vinakula umeme kidogo na vikizimika biro nzima imesimama. Doki za wahasibu zifuate. Naona mahali pengi ondulere imefungwa kwenye printa ya mkurugenzi na ruta imechomekwa ukutani. Hiyo ibadilishwe leo.

"Nikibonyeza Mode avion (hali ya ndegeni) ili kuzima Wi-Fi, kipanya changu cha Bluetooth kinakufa."

Mode avion inazima redio zote. Usiitumie kwa kazi hiyo. Na wale wenye kipanya cha kipokezi kidogo cha USB kinachorukaruka: kisogeze mbali na doki kwa waya mfupi wa USB. Intel walieleza tangu 2012 kwamba USB 3.0 hutoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz.

"Nikikaa kwenye meza ya mwenzangu, mtandao unanikataa. Nikirudi kwangu, sawa."

Mtandao wenu unatambua watu kwa anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya tundu la mtandao, na kwa kawaida anwani hiyo ni ya doki, si ya laptopu yako. Kwenye mashine na doki nyingi za biashara, BIOS ina chaguo la kuifanya doki itumie anwani ya laptopu, msimamizi aliwashe. Mimi naongeza: anwani ya MAC inaigwa kirahisi. Msiitegemee peke yake kama mlinzi wa mlango.

"Nachaji simu kwenye doki, na mega zangu za mwezi zimeisha kwa siku moja."

Yaya, simu yako imewashwa kugawa intaneti kwa USB. Windows inaiona kama kebo ya mtandao, na kebo huhesabiwa kuwa haina mpaka, kwa hiyo masasisho yote yakashuka kupitia simu. Zima ugawaji huo, au fungua mipangilio ya muunganisho ule uweke "Connexion limitée" (muunganisho wenye mpaka). Tena, pale ambapo sera ya namba 3 inatumika, simu hiyohiyo inaweza kuzima Wi-Fi ya laptopu yako, maana Windows inaihesabu kuwa kebo.

"Nimechagua kebo na Wi-Fi pamoja nikabonyeza Connexions de pont ili kasi iongezeke. Baada ya dakika chache mtandao wa ghorofa yote ukafa."

Futa daraja hilo sasa hivi. Kasi haiongezeki. Umeunganisha mtandao mmoja na wenyewe kwa mlango wa pili, ujumbe unazunguka bila kikomo hadi swichi zinazidiwa. Na wewe uliyeandika kwamba unashika hotspoti ya simu huku umechomeka kebo ya kampuni, ili ufungue kurasa zilizozuiwa: mashine yako sasa imekaa katikati ya seva za malipo na intaneti isiyo na mlinzi. Virusi vikiingia kwa upande wa simu, upande wa pili iko mishahara ya wenzako. Acha.

"Natumia Mac."

Mipangilio ya mtandao, panga mpangilio wa huduma, vuta kebo iwe juu. Basi.

"Baada ya radi, tundu la mtandao la doki limekufa. Vingine vinafanya kazi. Linatengenezeka?"

Nunua adapta ya USB ya gigabiti, ni rahisi kuliko doki mpya. Lakini niambie: kebo yenu inapita nje, kutoka jengo moja hadi jingine? Kama ndiyo, itaua na tundu jipya kabla mvua za Machi hazijaisha. Kati ya majengo wekeni nyuzi za kioo, ambazo hazibebi umeme. Mpaka zifike, mawingu ya radi yakianza kukusanyika, kabla hujasikia ngurumo, chomoa kebo hiyo kwenye swichi na ufanye kazi kwa Wi-Fi.