Foleni kwenye ujenzi wa barabara: angalieni mistari kabla ya kumlaumu mshika bendera

Mkuu umeuliza kwa nini foleni inaanza mbali kabla hata hujaliona greda, na wengi hapo juu wameshamtupia lawama mshika bendera. Mi hiyo bendera nimeishika miezi kadhaa kwenye kipande kimoja cha barabara ya Morogoro ukikaribia Dodoma, kampuni siitaji, ila nilichokiona pale nakupa.

Kipindi hicho nusu ya barabara inachimbwa, magari yote yamesukumwa upande mmoja. Wakachora mstari mpya wa katikati wa muda, freshi tu, ila ule wa zamani hawakuukwangua, waliupaka rangi nyeusi basi. Asubuhi shwari. Njoo saa kumi na moja jioni, anayetoka Moro anaelekea magharibi jua limemkaa usoni, ile nyeusi inang'aa kuliko nyeupe yenyewe! Dereva anaona mistari miwili hajui afuate upi, huyu kashika wa zamani yule anayekuja kashika mpya, wanakutana uso kwa uso wote breki. Semi ikishaona hivyo inajikalia katikati. Na wewe ukipunguza kidogo wa nyuma anapunguza zaidi, wa nyuma yake anasimama kabisa, huko mita mia tano watu wamezima injini wanaulizana kuna ajali au msafara. Bendera yangu muda wote huo ni ya kijani.

Usiku wa mvua ndo balaa. Zile shanga ndogo za kioo zinazomwagwa kwenye rangi ndo zinarudisha mwanga wa taa, maji yakizifunika mstari haupo (na pale sikuwahi kuona mtu akizimwaga). Kiangazi nako vumbi la Dodoma si unalijua, walichora bila kufagia, rangi ikashika vumbi badala ya lami, haikumaliza mwezi ikaanza kubanduka kama ukoko.

Baadae akaja msimamizi mpya, akaleta mashine wakaukwangua ule wa zamani, likabaki kovu tu, halafu koni zikapangwa karibu karibu pale njia inapohama. Trafiki hakuja, mshika bendera hakuongezwa. Jioni ile magari yalienda polepole ila yanatembea, mpaka wauza zabibu wakanifuata kunilalamikia eti nimewaharibia biashara, hakuna gari linalosimama.