Mtoto wa siku mbili kupewa pumu

Wadogo zangu mnaokuja fildi kwenye chumba cha kumbukumbu, nianze na aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza kazini, hospitali moja huku Mbeya, nilikabidhiwa rundo la mafaili ya wodi ya watoto wachanga niyawekee kodi za ICD-10, orodha ya kimataifa inayompa kila ugonjwa herufi na namba yake. Neno rasmi ni misimbo, lakini sisi tunasema kodi, na kila mgeni akitusikia anadhani tunadaiwa na TRA.

Faili moja lilikuwa na karatasi nne tu. Sehemu ya ugonjwa daktari kaandika herufi mbili: BA. Nilikuwa nimetoka wodi ya watu wazima, ambako BA ni pumu, "bronchial asthma". Nikaandika J45.9, nikafunga, nikavuta jingine. Wiki iliyofuata mkuu wetu wa kitengo, mama mmoja wa Tukuyu asiyepandisha sauti hata siku moja, akaniita. Akafungua ukurasa wa mbele, akaweka kidole kwenye tarehe ya kuzaliwa.

"Mwanangu, huyu pumu kaipata lini?"

Mtoto alikuwa na siku mbili duniani. BA ile ilikuwa "birth asphyxia", ya mtoto aliyezaliwa hakulia, aliyekosa hewa.

Nikaona nimepata dawa: nikafuta J45.9 nikaweka G93.1, ubongo ulioumia kwa kukosa oksijeni. Mama akacheka sana. Akanisomesha jina la kodi hiyo mpaka mwisho, kwamba ni ile "isiyowekwa mahali pengine". Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye kazi. G93.1 ni kapu la waliokosa kwao. Mtoto mchanga ana kwake, kwenye herufi P. Mama aliyepatwa na hilo kwa dawa ya usingizi wakati wa uchungu au baada ya kujifungua yuko kwenye O. Aliyeumia kwa upasuaji au tiba nyingine, anza kumtafuta T80 hadi T88. Ukishazunguka kote huko ukamkosa, ndipo urudi kwenye kapu.

Kwa watoto wachanga tulieni, maana ndiko makosa mengi yaliko. P21.0 ni kukosa hewa kukali, Apgar (alama za hali ya mtoto mara anapozaliwa, 0 hadi 10) ya dakika ya kwanza ikiwa 0 hadi 3. P21.1 ni kwa wastani na kwa kiasi kidogo, 4 hadi 7. Lakini Apgar ndogo peke yake haikupi ruhusa ya P21. Lazima pawe pameandikwa kwamba mtoto alikosa hewa au alikuwa na shida ya kupumua. P91.6 ni hatua nyingine, pale ubongo wenyewe umeathirika na daktari kaandika HIE, yaani ubongo wa mtoto kuathirika kwa kukosa oksijeni na damu. Ukiona manesi wameandika degedege, kulegea, kushindwa kunyonya, na daktari hajataja HIE popote, usimwandikie wewe. Beba faili umfuate.

Na Apgar haikai inapotakiwa. Mtoto wa rufaa kutoka kituo cha afya alama zake ziko kwenye barua ya rufaa, imekunjwa mara nne nyuma ya faili. Aliyezaliwa hapohapo zimebaki leba, kwenye kitabu cha MTUHA, rejesta ya taarifa za huduma, au kwenye patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, ndani ya faili la mama yake. Mimi huomba mafaili yote mawili kwa pamoja, hata kama wodini watanung'unika.

Halafu kuna jambo la huku kwetu kwenye baridi. Juni na Julai, Makete, Njombe, hata Uyole, watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani na kuziba dirisha kwa kanga. Asubuhi wanaletwa hawajitambui. Faili litasema "amekutwa amezimia" na chini yake SpO2, kipimo cha oksijeni kwenye damu, 98%. Nilishamsikia mgeni akibisha kwamba huyu hakukosa oksijeni, namba si hiyo hapo? Kile kifaa cha kubana kidoleni hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba monoksidi ya kaboni, ile sumu ya moshi wa mkaa, na gesi hiyo hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa hiyo isikutishe. Weka T58, kodi ya sumu ya gesi hiyo, kisha X47.0 kuonyesha ni ajali na ilitokea nyumbani. G93.1 iongezwe tu daktari akiandika kwamba ubongo umeumia.

Wengine huruhusiwa wakiwa wazima kabisa, wakarudi baada ya wiki kadhaa wanasahau, wanatembea kwa shida, wanajikojolea. Ndugu wanasema karogwa. Dirishani anafunguliwa faili jipya lenye namba mpya, na habari ya jiko inapotea. Umri, kijiji, jina la baba: tafuta faili la kwanza kwa hivyo. Bila faili hilo daktari hana cha kuunganisha, na wewe huna njia ya kufika T97 ya madhara yaliyobaki.

Aliyezama ziwani Matema ni rahisi zaidi: T75.1 ya kuzama, na W69 kuonyesha ni kwenye maji ya asili.

Ukimfuata daktari, chunga swali lako. "Dokta, hii si HIE?" ni kumwekea jibu mdomoni, na akiwa amechoka atasema ndiyo. Mwulize mtoto alikuwaje dakika ya kwanza, alisaidiwa kupumua kwa muda gani, ubongo ulionyesha nini. Aandike mwenyewe, aweke saini na saa.

Kwenye hati ya chanzo cha kifo ni hivyohivyo. "Moyo na mapafu kushindwa kufanya kazi" haimwambii mtu kitu, kila anayekufa hufikia hapo. Mstari wa chini kabisa uliojazwa katika sehemu ya kwanza ndio unaopaswa kubeba chanzo. Ukiona ubongo kukosa oksijeni ndiyo imekaa peke yake pale chini, rudi ukaulize: ulikosa kwa sababu gani?

Yule daktari wa BA bado tuko naye. Siku hizi akiniona mlangoni na faili kwapani, ananiwahi hata sijamsalimia: "Haya, nimefupisha nini tena?"