Hukuhama Wewe, Umehama Mpaka

SWALI: Mhariri, mwaka 2007 nilipiga kura Laini Saba nikiwa mpiga kura wa Lang'ata. Leo napanga foleni katika shule ileile, ila naambiwa mbunge wangu ni wa Kibra. Ilikuwaje, na ni akina nani waliowahi kutuwakilisha? – Msomaji, Nairobi.

JIBU: Ndugu msomaji, hukuhama wewe, umehama mpaka. Katiba ya 2010 ilipoongeza maeneo bunge kutoka 210 hadi 290, Lang'ata iligawanywa kabla ya uchaguzi wa 2013: Karen, Nairobi West, Mugumoini, South C na Nyayo Highrise zikabaki na jina la zamani, ilhali Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley zikaitwa Kibra, neno la Wanubi lenye maana ya msitu.

Awali kiti kilikuwa kimoja. Mwangi Mathai alikitwaa mwaka 1974 akiahidi ajira, na mkewe, Wangari, aliyeichukulia ahadi hiyo kwa uzito ambao wanasiasa huutupa mara tu kura zinapohesabiwa, akaanzisha kampuni ya kuotesha miche ili wakazi wapate kazi. Kampuni haikudumu, lakini miche hiyo ndiyo asili ya Green Belt Movement, shirika la upandaji miti lililoanza mwaka 1977. Kuanzia 1979 mbunge akawa Philip Leakey, hadi aliposhindwa na Raila Odinga, wa FORD-Kenya, mwaka 1992.

Sheria ya wakati huo ilimnyang'anya kiti mbunge aliyekihama chama kilichomdhamini. Raila alipoihama FORD-Kenya na kujiunga na chama cha NDP ilimbidi arudi kwa wapiga kura wale wale katika uchaguzi mdogo wa 1997, nao wakamrudisha bungeni. Chama hawakukijali sana, walimtaka yeye, na alikaa hadi 2013.

Mbunge wa kwanza wa Kibra alikuwa Ken Okoth, mzaliwa wa mtaa wa Kibera, aliyechaguliwa tena 2017 na kufariki kwa saratani Julai 2019. Katika uchaguzi mdogo wa Novemba mwaka huo, nduguye Imran alipata kura 24,636 dhidi ya 11,230 za McDonald Mariga, mwanasoka aliyewahi kuchezea Inter Milan. Mwaka 2022 kiti kikamwendea Peter Orero, aliyekuwa mwalimu mkuu wa Dagoretti High.

Ng'ambo ya mpaka, Lang'ata imebadilisha mbunge kila uchaguzi: Joash Olum 2013, Nixon Korir 2017, na Phelix Odiwuor, yule mtangazaji Jalang'o, 2022.