Igizo la mtazamaji mmoja: nenda mkuu, ila usiende na haraka

Mkuu umeuliza kama kuna maana kulipia igizo unaloingia peke yako, hamna ukumbi wala watu wa kukaa nao, habari yenyewe ni ya familia na waliotangulia, na unaogopa utalia mbele ya mgeni. Mi nimeingia mawili huku Uingereza, yote kafanya Basel Zaraa, msanii Mpalestina aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Yarmouk pale Damascus, Syria.

La kwanza alilifanya na Tania El Khoury, msanii wa Lebanon, mwaka 2016, linaitwa As Far As My Fingertips Take Me. Unapitisha mkono kwenye tundu la ukuta, umevaa hedfoni unasikiliza mambo ya safari ya dada zake toka Damascus mpaka Sweden, huku yeye upande wa pili anakuchora mkononi na wala humuoni. Wino unaondoka nao, kuosha ni juu yako.

Ila lililonishika ni Dear Laila la 2022. Binti yake wa miaka mitano alimuuliza baba ulikulia wapi, na nyumba ilishabomolewa na vita, kumpeleka haiwezekani, ndo akamtengenezea nyumba ndogo ya mfano. Unaingia mmoja mmoja unakaa nayo, unasikiliza. Hakuna muigizaji wa kulia kwa niaba yako, na mi naona hapo ndo nguvu yote ilipo.

Mama yangu alifariki nikiwa huku, karatasi zangu hazijakaa sawa, mazishi nikayaona kwa simu. Sisi msiba ni watu, turubai, mikeka, wamama na masufuria yao, mtu anakulazimisha ule hata kama hutaki, sasa mi nilikuwa peke yangu chumbani na sikulia kabisa maana sikuwa na wa kulia naye. Mbele ya kile kinyumba ndo nikaanza kuona nyumba yetu Tanga, ungo wa mama kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko, nikalia kweli, na hakuna aliyenikimbiza. Sioni kama nilimwibia yule baba huzuni yake, nilimuwaza yeye na mama kwa pamoja.

Kwa hiyo nenda, ila chagua siku ambayo huna shifti baadaye, na mwambie mtu unayemwamini akusubiri nje au awe hewani, ukitoka utataka kuongea. Mi nilimpigia dada yangu hapohapo barabarani, tukamzungumzia mama mpaka simu ikazima chaji.