Mkunga mchanga na harufu ya mto

SWALI: Nafundisha biolojia sekondari, karibu na Mto Sabaki unapoingia baharini. Nimesoma kwamba watoto wa mkunga, samaki mwenye umbo la nyoka, wale wenye mwili angavu kama kioo, huingia mtoni kwa kufuata harufu. Wanafunzi wananibana: tutajuaje kama ni harufu, si upungufu wa chumvi tu? Mwalimu, Malindi.

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wamegusa penyewe. Mkunga huanguliwa bahari kuu, kwa hiyo hana mto wa kukumbuka, tofauti na samoni anayerudi kwa harufu aliyoizoea akiwa mchanga. Mwaka 1961 mtafiti Creutzberg wa Uholanzi alieleza wanavyofanya watoto wa mkunga: maji yakijaa huinuka na kubebwa kuelekea bara, yakipwa na kuleta harufu ya mto, huzama chini wasirudishwe baharini. Maji ya mto yakichujwa kwa makaa maalumu, mvuto huisha. Makaa hunasa harufu, chumvi huiacha ipite. Moja ya harufu zinazotajwa ni jiosmini, ile ya udongo ulionyeshewa.

Basi msilinganishe maji ya mto na ya bahari, maana mtakuwa mmebadilisha mambo mawili kwa pamoja. Chukueni lita 120 za maji ya mto, mchuje tope kwa kitambaa, kisha nusu yake ipite kwenye kaboni ya kuchujia maji, ndiyo yale makaa maalumu, iliyosuuzwa vumbi. Makaa ya jikoni hayafai: hunasa kidogo, na majivu yake hubadilisha maji. Maji ya bomba pia yaacheni, yana klorini.

Tengenezeni mfereji wa umbo la Y, mkono mmoja maji yaliyopita kwenye kaboni, mwingine yasiyopita, kila mkono upitishe nusu lita kwa dakika. Tieni rangi ya chakula upande mmoja muone kama mikondo inakwenda sawa, halafu suuzeni. Jaribuni gizani, samaki mmoja mmoja kwa dakika 5, kwani wakiwa kundi hufuatana na hesabu haina maana. Wakifika 10, badilisheni pande, kisha jaribuni 10 wengine. Wakiendelea kupenda kushoto hata baada ya kubadilisha, tatizo ni mwanga au mfereji umeinama. Ute wa samaki aliyetangulia nao una harufu. Suuzeni kila mara.

Ombeni kwanza ruhusa ya ofisa uvuvi, na jioni warudisheni palepale walipovuliwa, maji yakiwa yanajaa.