Mchanga ndio unaokwaruza gari

Gari langu la kwanza lilikuwa jeusi. Lilitoka bandarini Dar es Salaam liking'aa, mlangoni unajitazama kama kwenye kioo. Haukupita mwaka, asubuhi moja jua lilipolipiga boneti nikaona mikwaruzo myembamba ya mviringo, imetanda kama utando wa buibui. Halikuwa limegongwa wala kupitishwa vichakani. Ni lile tambara kavu nililokuwa nikifutia vumbi kila siku kabla ya kwenda kazini.

Vumbi letu ni mchanga uliosagika. Ukilifuta kavu, umeshika msasa. Na kinachokwaruzwa ni lile tabaka la juu lisilo na rangi, mafundi wanaliita klia. Unene wake ni kama mikroni 50, yaani sehemu ya ishirini ya milimita moja. Kulipiga polishi ili mikwaruzo ipotee ni kulipunguza, kwa hiyo huwezi kufanya hivyo kila mara.

Ndiyo maana kazi kubwa iko kabla mkono haujagusa bodi. Mwagia maji ya mpira kuanzia juu ya paa kushuka chini, taratibu. Tope lililoganda liache lilowane, kisha limwagie tena mpaka litoke lenyewe. Hapa usione uvivu.

Halafu ndoo mbili. Moja ya sabuni, nyingine ya maji matupu. Ukimaliza mlango mmoja, suuza kitambaa kwenye maji matupu, kikamue, ndipo ukirudishe kwenye sabuni. Utashangaa mchanga utakaoukuta chini ya ile ndoo ya pili. Futa kwa mstari ulionyooka, usizungushe mkono, na sehemu za chini ya milango ziwe za mwisho. Rimu zina kitambaa chake, maana zimebeba unga wa chuma wa breki. Kitambaa kikianguka chini, kiweke kando kabisa. Sabuni ya unga ya kufulia ziachie nguo: inaondoa nta inayopakwa kulinda rangi, na chembe zisizoyeyuka zinakwaruza. Tafuta shampuu ya magari.

Kukausha nako kuna madhara yake. Wengi tunatumia maji ya kisima yenye chumvi, na yakikaukia juani yanaacha madoa meupe magumu. Osha kivulini, asubuhi au jioni. Mwishoni toa kichwa cha mpira, maji yateremke kwa mkupuo mmoja. Yatakayobaki ni matone machache. Tandaza taulo kubwa la maikrofaiba, kile kitambaa laini cha nyuzi nyembamba sana, livute polepole bila kukandamiza. Fulana kuukuu zina mishono, usizitumie.

Nikipeleka gari kwa vijana wa kuosha, naenda na vitambaa vyangu na kuwaomba wavitumie, naongeza na chochote juu ya bei. Hawajawahi kukataa. Nikirudi nyumbani navifua peke yake, bila dawa ya kulainisha nguo, navihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko.